MWANA WA MHUNZI NA AVUKUTE KWANZA

Hakuna siku izushayo minong'ono mingi karakanani kama ile ambayo mwenye mali huingia akifuatana na mwanawe, akawatangazia wafanyakazi ya kuwa tangu leo huyu ndiye mkubwa wenu. Mafundi hutazamana. Wazee waliomjua kijana tangu utoto wake huitikia kwa adabu, lakini moyoni kila mmoja ana swali lake. Je, bwana mdogo huyu amepata kushika spana? Anajua jinsi tarehe 20 ya mwezi ilivyo mbali na siku ya mshahara? Na mzee akifumba macho, kazi hii itakuwapo mwaka wa pili?

Maswali hayo si umbea wala husuda. Ni maswali ya unga na karo ya watoto. Mwana wa tajiri akiharibu kazi, yeye husalia na nyumba na shamba alivyorithi. Mpakiaji mizigo, dereva na mpishi wa kantini ndio warudio nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo mfanyakazi anayo haki ya kuuliza ni kwa kipimo gani kijana huyu amepewa kuwaamuru watu wazima, na jibu la kwamba "ni mwanangu" halimtoshi.

Sisi wana wa Chama tuna sababu ya ziada ya kuuliza. Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu, kwa kuwa tulikataa kwamba mtu aweza kuwatawala wenzake kwa sababu tu ya tumbo alilotoka. Februari 1967 Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, mashirika mengi ya umma yakauzwa katika miaka iliyofuata, na leo ndugu zetu wengi hula jasho lao katika biashara za mtu na wanawe: mabasi ya mikoani, mashine za kukoboa mpunga, viwanda vidogo vya mafuta ya alizeti, maduka ya jumla ya Kariakoo. Waanzilishi wengi wa biashara hizo sasa wana mvi. Sheria za mirathi zajua namna ya kumgawia mwana magari na majengo. Hazijui namna ya kumgawia uongozi, kwa kuwa uongozi haukuwa mali ya baba hata kidogo. Alikopeshwa na watu aliofanya nao kazi.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Walijua walichosema. Kijana asiyeweza bado kuigonga nyundo akapata jembe, basi na akae kwenye mivukuto, moshi umwingie machoni, aone chuma kinavyobadilika rangi kabla ya kulainika. Mahali pa kukaa kivulini na kuhesabu majembe hapakutajwa katika methali hiyo.

Nimeona yafaa tuitazame nyumba moja ya Bara Hindi ambayo ni nyumba ya wahunzi kwa maana yake halisi, na ambayo jina lake twalisoma kila siku katika malori na mabasi njiani. Nyumba hiyo ni Tata. Hata majirani zetu wa Kenya wanaochimba magadi katika Ziwa Magadi wamo chini ya jina hilo, tangu Tata Chemicals ilipoinunua kampuni ya Kiingereza ya Brunner Mond mwishoni mwa mwaka 2005. Ni mabepari, na wala sitaki mtu adhani nimekuja kuwafukizia ubani. Lakini kwa zaidi ya miaka 100 wamekuwa wakipokezana uongozi, na katika kupokezana huko yamo mambo ya kujifunza, mazuri na mabaya.

Jamsetji Tata alifungua kiwanda chake cha nguo, Empress Mills, mjini Nagpur tarehe 1 Januari, 1877. Tamaa yake kubwa ilikuwa chuma, naye akafa mwaka 1904 bila kukiona. Wanawe ndio walioimaliza safari. Kampuni ya chuma iliandikishwa mwaka 1907, na Februari 1912 chuma cha pua cha kwanza kikamiminwa katika mji ambao baadaye uliitwa Jamshedpur kwa heshima ya mzee huyo. Mwaka huohuo kampuni ikaweka siku ya kazi kuwa saa 8. Sheria ya viwanda ya India iliyolazimisha jambo hilo ilikuja mwaka 1948. Na sisi huku, mwaka huo wa 1912, Wajerumani walikuwa wangali wakiwatoza babu zetu kodi ili kuwasukuma kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Likizo yenye malipo ilifuata Jamshedpur mwaka 1920, malipo ya uzazi mwaka 1928.

Lakini tusidanganyike kwamba yote hayo yalidondoka kutoka katika huruma ya bwana. Wafanyakazi wa Jamshedpur waligoma mwaka 1920, wakagoma tena 1922, na mwaka 1928 mgomo wao ulidumu miezi mingi hata mpigania uhuru Subhas Chandra Bose akaja kuwa mwenyekiti wa chama chao cha wafanyakazi. Hisani ya mwajiri isiyo na chama cha wafanyakazi pembeni yake ni kama mvua ya rasharasha: yaburudisha uso, haioteshi mahindi.

Dorabji, mwana mkubwa, alipata mtihani wake mwaka 1924. Bei ya chuma ilikuwa imeanguka, na kampuni haikuwa na fedha hata za kulipa mishahara. Akaweka rehani benki mali yake yote, pamoja na almasi ya mkewe iliyokuwa miongoni mwa almasi kubwa duniani, ili apate mkopo. Mishahara ikalipwa na tanuru halikuzimika. Wafanyakazi wengi wa kwetu wamewaona wana wa matajiri wakifanya kinyume chake, yaani mwezi wa dhiki gari jipya lanunuliwa na mshahara unaahirishwa. Siku hiyo ya dhiki ndiyo siku ambayo urithi hupimwa, na mizani yake haihitaji mhasibu.

Hapa nakatisha kidogo, kwa maana ukoo huu uliwahi kuzaa na mtu wa upande wetu. Shapurji Saklatvala, ambaye mama yake alikuwa dada wa Jamsetji, alishiriki katika kulitafuta lile chimbuko la chuma, kisha akapelekwa Uingereza, akaona maisha ya wafanyakazi wa huko, akawa mkomunisti. Mwaka 1922 watu wa Battersea North, mtaa wa wafanyakazi London, walimchagua kuwa Mbunge wao. Basi damu haiamui kila kitu. Kiti alichokalia huyu alipewa na kura za wafanyakazi.

Baada ya Dorabji na mwenyekiti mwingine wa ukoo, kiti kilimfikia J.R.D. Tata. Alizaliwa Paris mwaka 1904, mama yake akiwa Mfaransa, na alitamani kwenda kusoma Cambridge. Baba akamwita kazini. Mwaka 1925 akaingia katika kampuni akiwa mwanagenzi asiye na mshahara, akawekewa meza katika ofisi ya Mskoti mmoja, John Peterson, aliyekuwa akiongoza kampuni ya chuma. Tazama hekima ya mpango huo: kijana hakuwekwa chini ya babaye. Aliwekwa chini ya mtu baki, mjuzi wa kazi, ambaye hakuwa na sababu ya kumwonea haya. Baba alifariki mwaka uliofuata. J.R.D. akawa mwenyekiti mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 34, akakaa kitini miaka 53. Mwaka 1956, wakati wake, ulitiwa sahihi mkataba wa Jamshedpur uliowaingiza wawakilishi wa wafanyakazi katika mabaraza ya kushauriana na wakubwa juu ya uendeshaji wa kiwanda.

Miaka 53 ni mingi mno, na ubaya wake utaonekana sasa hivi.

Mwaka 1962 alirudi kutoka Marekani kijana wa ukoo, Ratan Tata, aliyezaliwa mwaka 1937, akiwa amesomea usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Cornell. Babaye alikuwa mwana wa kulelewa katika ukoo, na kijana mwenyewe alilelewa na bibi yake baada ya wazazi kuachana. Elimu yake ingemstahilia ofisi yenye pangaboi huko Bombay. Akapelekwa Jamshedpur. Huko alipakia mawe ya chokaa kwa beleshi na kutumika kwenye matanuru ya kuyeyushia chuma, bega kwa bega na vibarua.

Najua atatokea msomaji atakayesema, "Hayo ni maigizo; mwana wa tajiri akishika beleshi anajua kwamba siku moja ataliacha, na kibarua anajua hataliacha." Ni kweli tupu, wala sina la kuipinga. Joto la tanuru humchoma kila mtu sawasawa, lakini hofu ya kufukuzwa haimchomi kila mtu. Ndiyo maana beleshi peke yake halitoshi kumfanya mtu kiongozi. Humfundisha uzito wa kazi, humfundisha majina ya watu na lugha yao, humzuia baadaye asitoe amri ya kijinga. Uongozi huanza pale anapokabidhiwa jambo ambalo laweza kumshinda mbele ya watu.

Jambo hilo Ratan alipewa mara mbili, na mara zote mbili lilikuwa kaa la moto. Mwaka 1971 alikabidhiwa Nelco, kampuni ya kutengeneza redio iliyokuwa imezama katika hasara na kuuza asilimia 2 tu ya redio za India. Akaiinua kwa miaka michache; kisha ukaja mgogoro wa kazi wa mwaka 1977, na kazi ya redio haikupona tena. Mwaka huo wa 1977 akapewa kuangalia Empress Mills, kile kiwanda cha kwanza cha babu wa ukoo. Mashine zilikuwa kuukuu, wafanyakazi wengi, nguo za majiko mapya zikiwashinda sokoni. Ratan aliomba rupia milioni 5 za kununulia mashine. Wakubwa wakamnyima. Mwaka 1986 Empress Mills ikafungwa.

Msomaji na asipite hapo haraka. Kiwanda kilichokuwa kikizunguka tangu 1877 kilinyamaza, na walionyamaza nacho ni wafumaji wa Nagpur na jamaa zao. Katika vitabu vya habari za wakubwa, kufungwa kwa Empress huandikwa kama fundisho alilopata Ratan Tata. Fundisho! Wafumaji hawakuandikishwa kwenda kusomewa darasa hilo, lakini ndio waliolipa ada yake. Hili ndilo tatizo la kumfunza mrithi kwa kumpa kazi halisi: akikosea, au wakubwa wake wakikosea juu yake, gharama huenda kwa mtu mwingine. Kwa maoni yangu, ikiwa mtoto wa mwenye mali atapewa kitengo kigonjwa ili ajipime, basi apewe na dawa. Kumpa mgonjwa na kumnyima dawa ni kuwachezea wafanyakazi kamari.

Basi Machi 1991, J.R.D. alipomtaja Ratan kuwa mrithi wake, wengi walinong'ona kwamba kijana huyu (alikuwa na miaka 53) hana cha kujivunia ila jina. Na hapo ndipo ubaya wa zile nusu karne za uenyekiti mmoja ulipojitokeza. Wakuu wa makampuni ya Tata walikuwa wamekwisha kuwa masultani, kila mmoja na milki yake. Mkubwa wao alikuwa Russi Mody wa kampuni ya chuma. Mwenyekiti mpya hakupigana nao kwa matusi. Alishikilia kanuni ya umri wa kustaafu, akaitumia kwa wote. Mody akaondoka mwaka 1993. Mwenyekiti mwenyewe, siku alipotimiza miaka 75, tarehe 28 Desemba, 2012, aling'atuka, kwa neno lile ambalo Mwalimu alitufundisha kwa vitendo mwaka 1985. Wakati huo mauzo ya makampuni yote yalikuwa kiasi cha dola bilioni 100 kwa mwaka. Sheria aliyowapimia wengine alijipimia na yeye.

Sikusema kila mtu alimsifu. Wafanyakazi wa kiwanda cha malori cha Pune walikuwa na ugomvi mkali naye mwaka 1989. Wakulima wa Singur, huko Bengal ya Magharibi, walikataa ardhi yao kutwaliwa kwa ajili ya kiwanda cha gari dogo la Nano, hata mwaka 2008 kampuni ikafunga virago kwenda Gujarat. Na mwaka 2016 Mahakama Kuu Kabisa ya India ikaamuru ardhi irudishwe kwa wenyewe. Mtu aliyeshika beleshi ujanani aweza bado kumkanyaga mkulima uzeeni.

Liko jambo moja katika nyumba hiyo ambalo nadhani ndilo kiini cha mambo yote. Karibu theluthi mbili ya hisa za kampuni mama, Tata Sons, humilikiwa na mifuko ya hisani iliyoachwa na wana wa Jamsetji, ambayo fedha zake huenda kwenye hospitali, shule na utafiti. Hisa za Ratan mwenyewe zilikuwa chache sana. Kwa hiyo mwenyekiti wa Tata hawezi kugonga meza akasema, "Hii ni mali yangu, nitafanya nipendavyo." Wapo wanaoweza kumkatalia. Mrithi asiyeweza kukataliwa na mtu yeyote hatajua kamwe kama anafuatwa au anaogopwa.

Aliyempokea mwaka 2012 hakuwa wa jina la Tata. Alikuwa Cyrus Mistry, mwana wa tajiri mwingine ambaye ukoo wake ulikuwa na zaidi ya asilimia 18 ya hisa. Oktoba 2016 wakurugenzi wakamwondoa, na mzee Ratan akarudi kitini kwa miezi michache. Kurudi huko sikukupenda. Mzee akishang'atuka na amwache mwenzake afaulu au ashindwe. Vinginevyo kiti kina watu wawili, na walio chini hawajui wamtii nani. Mashauri yalifika mahakamani, wakabishana hata Machi 2021, Tata wakashinda.

Kisha Februari 2017 akaketi Natarajan Chandrasekaran, mwana wa mkulima kutoka Mohanur, kusini mwa India. Alikuwa ameingia katika kampuni ya Tata ya kompyuta mwaka 1987 akiwa mwanafunzi wa mafunzo ya kazi, akapanda ngazi kwa miaka 30. Ratan alifariki Oktoba 2024 bila kuacha mtoto, na ile mifuko ya hisani ikamchagua Noel, nduguye kwa baba, kuiongoza. Yaani ukoo ulibaki na ulinzi wa hazina, na mtoto wa mkulima akawa na usukani.

Turudi pwani kwetu. Nahodha wa jahazi hakumkabidhi mwanawe usukani kwa sababu ya jina. Mtoto alianza kwa kukumba maji, akawapikia mabaharia, akapanda mlingoti usiku wa pepo, akatukanwa na kila mtu chomboni pamoja na babaye. Aliposhika usukani hatimaye, mabaharia walilala usingizi, na usingizi huo ndio uliokuwa cheti chake. Wamiliki wengi wa mabasi wa leo walianza vivyo hivyo, utingo kwanza, kisha dereva, kisha gari moja la mkopo. Ajabu ni kwamba watu hao hao, walioifahamu barabara kwa mifupa yao, huwatoa wana wao chuoni na kuwaweka moja kwa moja katika chumba chenye kiyoyozi, ati wasiteseke kama wao walivyoteseka. Kijana husaini hati za safari za usiku ambazo hajawahi kusafiri. Dereva akisema tairi limekwisha, bwana mdogo hulitazama daftari, si tairi.

Binti naye asisahauliwe. Katika maduka mengi ni yeye aliyekaa na mama kwenye kaunta tangu utoto, ndiye ajuaye nani hulipa deni na nani halipi. Siku ya kukabidhiana, ufunguo hupewa kaka yake aliyekuwa mjini. Huo ni wizi wa kazi aliyokwisha kuifanya.

Mwongozo wa Chama wa mwaka 1971 uliwakemea viongozi wenye jeuri na ubwana juu ya watu wa chini, na mwaka mmoja kabla yake Waraka wa Rais ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Siku hizo biashara za watu binafsi ziliachwa kando. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakiruhusu chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa kufanya mapatano na mwajiri yeyote ili kuanzisha baraza la kuwashirikisha wafanyakazi mahali pa kazi. Viongozi wa matawi wanaokwenda mezani mwaka huu na wenye mabasi na wenye viwanda na walitie jambo hili katika mapatano: baraza likutane kila mwezi, na mwana au binti anayeandaliwa kushika kazi ahudhurie, mwaka wake wote wa kwanza, akiwa amekaa upande wa wafanyakazi, na yeye ndiye aandike kumbukumbu za mkutano kwa mkono wake.